Je, Waziri Ana Habari? Miaka ya Taita Taveta katika maswali ya Bunge

Katika Bunge la zamani la Kenya, swali lilikuwa na safari yake. Mbunge aliliandika, akalifikisha kwa Karani wa Bunge, likapewa nambari na kuchapishwa kwenye orodha ya shughuli za siku. Zamu yake ilipofika, alisimama na kutaka kujua kama waziri ana habari kwamba jambo fulani limewapata wananchi wake, na serikali inakusudia kuchukua hatua gani. Waziri naye akainuka: “Bw. Spika, naomba kujibu.”

Majibu mawili yalizoeleka mno: “Sina habari,” na “Kazi itafanywa fedha zikipatikana.” Ndiyo sababu mbunge hodari alipimwa kwa swali la nyongeza. Swali la kwanza waziri alikuwa ameandikiwa jibu na maofisa wa wizara, lakini la nyongeza alilijibu akiwa peke yake, Bunge zima likimtazama.

Wataita, ambao kaunti yao leo ni Taita Taveta, walianza kuihoji serikali kabla hawajawa na mtu wa kuwasemea Nairobi. Baraza la Kutunga Sheria la wakati wa ukoloni lilikutana mara ya kwanza mwaka wa 1907, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, akaingia mwaka wa 1944. Katikati ya miaka hiyo, ardhi nzuri ya nyanda za chini ikiwa imechukuliwa na mashamba ya walowezi na ya mkonge, wenyeji waliunda Taita Hills Association, Woresha wa Mengo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Serikali ya mkoloni iliwajibu mwaka wa 1940: ilikipiga chama marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association, na viongozi wakawekwa kizuizini.

Uhuru ulipokuja, watu wa Taita walifika hadi kwenye viti vya mbele vya Bunge, wanakoketi mawaziri. Dawson Mwanyumba alikuwa katika baraza la mawaziri la kwanza la Jomo Kenyatta, na Eliud Mwamunga wa Voi akawa waziri chini ya Kenyatta na Daniel arap Moi. Kuwa na mtu wenu serikalini ni heshima, tena kuna faida. Lakini waziri hufungwa na uamuzi wa pamoja wa wenzake. Hawezi kusimama kumhoji waziri wa ardhi au wa wanyamapori mbele ya Spika.

Kazi hiyo ilibaki kwa wabunge wa viti vya nyuma, na katika miaka ya 1970 ilikuwa kazi ya hatari. Oktoba 1975, Martin Shikuku na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge baada ya Shikuku kudai kwamba Bunge linauawa kama chama tawala cha KANU kilivyouawa. Mwaka wa 1977 ilikuwa zamu ya George Anyona, aliyekuwa akiichokonoa zabuni ya mabehewa ya reli. Wote walitiwa kizuizini bila kushtakiwa.

Hayo yalijulikana na kila mtu wakati wapiga kura wa Wundanyi walipomchagua Mwashengu wa Mwachofi katika uchaguzi wa Novemba 1979. Nchi ilikuwa na chama kimoja tu kilichobaki uwanjani, kwa hiyo hakukuwa na upinzani rasmi. Mwachofi na wenzake sita waliujaza mwanya huo: Koigi wa Wamwere, James Orengo, Chibule wa Tsuma, Abuya Abuya, Lawrence Sifuna na Onyango Midika. Walihoji unyakuzi wa ardhi, ufisadi na ruhusa iliyopewa jeshi la Marekani kutumia bandari ya Mombasa. Mmoja akibanwa, wengine walikuwepo kumuunga mkono. Silaha yao ilikuwa Kanuni za Kudumu za Bunge zilezile zilizowalinda mawaziri.

Mwaka wa 1981 Charles Njonjo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu tangu 1963 na sasa Waziri wa Masuala ya Katiba, aliwabandika jina la kejeli: Dada Saba Wenye Ndevu. Alikusudia kuwadhalilisha, lakini jina likawapa umaarufu. Njia yao ilizibwa upesi hata hivyo. Juni 1982 Katiba ilibadilishwa na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mosi, Koigi akatiwa kizuizini na Orengo akakimbilia Tanzania. Njonjo mwenyewe hakusalimika. Mwaka wa 1983 alituhumiwa kutaka kumpindua Rais Moi, akaishia mbele ya tume ya uchunguzi, safari hii akiwa yeye anayeulizwa.

Mwaka wa 2002 Wundanyi ilipeleka tena Bungeni mtu wa mrengo wa kushoto, Mwandawiro Mghanga. Alikuwa kiongozi wa wanafunzi wa chuo kikuu aliyefungwa wakati wa Moi na kuishi uhamishoni Sweden. Dhuluma za ardhi na hali ya maskwota zilikuwa kilio chake.

Ukitazama yanayoulizwa kutoka Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, utaona mambo yenyewe hayajabadilika sana. Mbuga za Tsavo, zilizoanzishwa mwaka wa 1948, zimechukua zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya kaunti. Bomba la maji ya chemchemi za Mzima lilijengwa miaka ya 1950 kupeleka maji Mombasa, na vijiji ambavyo limevipitia bado vinalilia mifereji. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilipandisha fidia ya mtu aliyeuawa na mnyama kutoka Sh200,000 hadi Sh5 milioni, lakini familia nyingi zimesubiri malipo kwa miaka. Huko Sagalla, wakulima wameamua kujitetea kwa kuning’iniza mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba: ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka.

Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri Bungeni. Ibara ya 153 inawalazimu kufika mbele ya kamati wakiitwa, lakini kwa miaka kumi hivi ukumbi mkubwa haukuwaona. Mwaka wa 2023 kanuni zilibadilishwa, na sasa waziri huja kujibu maswali ukumbini, kamera zikimmulika. Hakuna mbunge anayetarajia kulala katika gereza la Kamiti kwa sababu ya swali. Woga wa siku za Seroney umekwisha, na mbunge wa leo hana kisingizio.

Kilichosalia ni kufuatilia. Kanuni za mwaka wa 2008 zilianzisha Kamati ya Utekelezaji, ambayo kazi yake ni kukagua kama ahadi zilizotolewa mbele ya Bunge zimetimizwa. Haivumi kama kikao cha maswali, lakini hapo ndipo “fedha zikipatikana” hugeuka kuwa deni lenye tarehe. Mpiga kura wa Voi anayemwona mbunge wake akimbana waziri kwenye runinga ampigie makofi, kisha miezi sita baadaye amuulize mbunge huyohuyo: ahadi ile ameipeleka kwa kamati, au aliishia kwenye kamera?