Kahawa ya Kambini katika Vita vya Marekani

Desturi ya kupika kahawa kambini ilikwishatia mizizi katika jeshi la Marekani kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Mwaka 1832 Rais Andrew Jackson aliagiza kwamba posho ya pombe kali iondolewe, na mahali pake askari wapewe kahawa na sukari. Vita vilipozuka, kanuni za jeshi la Kaskazini ziliweka, kwa watu 100, ratili 10 za buni mbichi kila siku, au ratili 8 za kahawa iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, maana buni hupungua uzito motoni. Kwa hesabu hiyo, askari mmoja alipata kadiri ya ratili 36 kwa mwaka.

John D. Billings, aliyekuwa askari wa mizinga kutoka Massachusetts, alieleza habari hizi katika kitabu chake cha 1887. Kahawa ilimwagwa juu ya blanketi la mpira, ikagawanywa mafungu sawasawa. Sajini akayapa mafungu kisogo. Mtu mmoja akionyesha fungu kwa kidole, yeye alitaja jina bila ya kutazama, ili asiwepo wa kunung'unika kwamba ameonewa.

Askari wengi walipenda kupewa buni nzima, wala si unga. Unga waliushuku, kwani mwuzaji asiye mwaminifu aliweza kuuchanganya na vitu vingine. Lakini punje nzima hujionyesha yenyewe. Basi kila mtu aliziponda punje zake kwa kitako cha bunduki au cha singe, akazitia katika kopo la maji lililotundikwa juu ya moto. Kahawa ilipochemka, maji baridi kidogo yalitosha kuyatuliza machicha.

Upande wa Kusini mambo yalikuwa kinyume. Manowari za Kaskazini zilizifunga bandari tangu 1861, na kahawa ikaadimika. Watu walikaanga ngano, viazi vitamu na mbegu za mwaloni, wakanywa maji yake. Walinzi wa pande mbili walipokutana penye utulivu, aghalabu Mkusini alitoa tumbako naye Mkaskazini akatoa kahawa.

Hata hivyo, iko habari moja ambayo kinu hakikuweza kuifichua. Kabla ya vita, sehemu kubwa ya kahawa iliyoingia Marekani ilitoka Brazil, na huko mashamba yalilimwa na watumwa, wengi wao Waafrika na wazao wa Waafrika. Tangu tarehe 1 Januari 1863, jeshi la Kaskazini lilipigana chini ya tangazo la Rais Abraham Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Na hata vita kwisha, watu weusi wapatao 180,000 walikuwa wamelitumikia jeshi hilo. Miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa utumwani. Nao pia walipokea fungu lao, wakaliponda, wakalipika motoni.

Askari aliikagua punje asije akapunjwa na mwuzaji; mkono ulioichuma hakuuona. Vita vilikwisha mwaka 1865, na utumwa ukafutwa Marekani mwaka huohuo. Mchumaji wa Brazil alikaa miaka 23 zaidi, hata sheria ya tarehe 13 Mei 1888 ilipomfungua.