Duka Chini, Makao Juu: Ushuru wa Mapato na Nyumba za Biashara za Nairobi

Nairobi, iliyoanza mwaka 1899 kama kituo cha Reli ya Uganda, ilijengwa kwa kiasi kikubwa na watu waliofanya kazi na kulala chini ya paa moja. Katika mtaa wa maduka ya Wahindi, ambao baadaye uliitwa Biashara Street, mwenye duka alipanga vitambaa na nafaka upande wa barabara na kuishi na jamaa yake katika vyumba vya nyuma, na faida ilipotosha akapandisha ghorofa ili familia ihamie juu na vyumba vya chini viwe ghala. Utaratibu huo ulikuwa na manufaa yaliyo wazi, kwani kodi ya nyumba ililipwa mara moja, bidhaa zililindwa usiku, na mke na watoto walisaidia kuuza.

Watawala waliutazama mchanganyiko huo kwa jicho la afya kabla ya kuutazama kwa jicho la hazina. Tauni ilipozuka mwaka 1902, mtaa huo ulichomwa moto kwa amri ya serikali, na baada ya ukaguzi wake wa mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alipendekeza makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika yatenganishwe. Ushuru wa wakati huo haukujali yaliyofanyika ndani ya nyumba: ule wa vibanda, ulioanza mwaka 1901, ulihesabu kibanda chenyewe, na ule wa kichwa ulihesabu watu.

Swali la kugawanya gharama lilikuja na ushuru wa mapato, yaani ushuru unaotozwa kwenye faida inayobaki baada ya kuondoa gharama za kuipata. Sheria ya kwanza, ya mwaka 1920, ilipingwa vikali na walowezi na kufutwa mwaka 1922. Ushuru huo ulirudi mwaka 1937 na haukuondoka tena. Ulikuja na kanuni iliyorithiwa kutoka Uingereza, kwamba gharama hukatwa pale tu inapokuwa imetumika yote, na kwa lengo hilo pekee, kuleta mapato. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1918 ililishughulikia waziwazi suala la mtu anayefanyia biashara nyumbani kwake, ikawaruhusu makamishna wa ushuru kukata sehemu ya kodi ya nyumba ambayo kwa kawaida haikuzidi theluthi mbili.

Kwa miaka mingi ushuru wa mapato wa Kenya, Uganda na Tanganyika ulisimamiwa kwa pamoja, hadi Kenya ilipotunga sheria yake ya mwaka 1973, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1974 na ambayo ingali msingi hadi leo. Kifungu cha 15 kinaruhusu gharama zilizotumika kikamilifu kuzalisha mapato, na kifungu cha 16 kinakataza gharama za kujikimu mlipaji na familia yake, lakini si theluthi mbili wala kipimo kingine cha nyumba yenye duka ndani yake kilichotajwa, hivyo mwenye duka anabaki na wajibu wa kupima na kuthibitisha.

Kipimo cha kawaida ni ukubwa wa eneo. Ikiwa jengo lenye mita za mraba 100 linakodishwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, na duka na ghala vinachukua mita 40, basi shilingi 20,000 ni gharama ya biashara na shilingi 30,000 ni ya makao. Umeme haufuati vipimo vya sakafu, kwa kuwa friji za duka hufanya kazi usiku kucha, na ndiyo maana mita mbili za umeme huondoa ubishi ambao hesabu peke yake haiumalizi. Anayemiliki jengo hawezi kujitoza kodi ya nyumba, ila ukarabati wa duka ni gharama halali, na wa jikoni si gharama ya biashara.

Mchanganyiko huo wa kazi na makao umehamia magharibi mwa jiji. Kilimani, Lavington na Westlands, nyumba za familia zimegeuka ofisi na kliniki. Kangemi na Kawangware, vibanda vya kuuzia vimesimama mbele ya vyumba vya kupanga. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka inaweza kulipa asilimia 3 ya mauzo yote bila kukata gharama yoyote, na kwa hiyo swali la kugawanya halizuki, ingawa anayepata faida ndogo hulipa hata asipobakiwa na kitu. Anayebaki katika ushuru wa kawaida anahitaji, tangu Januari 2024, risiti za mfumo wa kielektroniki wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru, na kumbukumbu zake lazima zihifadhiwe kwa miaka mitano.

Historia hii inaonyesha kwamba sheria ya Kenya ilirithi sharti kali ikaacha nafuu iliyoambatana nalo. Bunge likiweka kiwango maalumu cha nyumba za biashara, chenye uhuru wa kuthibitisha zaidi kwa anayeweza, litakuwa limemtendea haki mfanyabiashara mdogo ambaye, tangu siku za mtaa wa maduka ya Wahindi, ameijenga Nairobi akiwa nyumbani kwake.