Imani Iliyovuka Mpaka: Historia ya Kanisa Busia na Tororo, na Fundisho Lake Kwetu



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema kuandika historia fupi ya Kanisa katika mpaka wa Uganda na Kenya, upande wa Busia na Tororo. Wengi wetu tuliingia Uganda kwa njia ya Busia na Malaba mwanzoni mwa mwaka 2008, tukapokelewa Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Tangu wakati huo tumesali chini ya miti, chini ya maturubai, na baadaye katika makanisa ya udongo. Wako wenzetu wanaosema kwamba kanisa la kambini ni kanisa la muda tu, la kungojea siku ya kurudi nyumbani, na kwamba ukuaji wa kiroho utaanza tukishapata makao. Historia ya mpaka ule inasema kinyume. Kanisa la pale lilijengwa na watu wa safari. Lilikua kila mara watu walipopokeana na kuambiana ukweli, na lilidhoofika kila walipoacha mojawapo ya hayo mawili.

WALIOTANGULIA KATIKA NJIA HII

Mwezi Oktoba 1885, Askofu James Hannington alifika Mumias, mahali palipoitwa wakati ule Kwa Sundu, akitoka pwani. Aliwaacha wengi wa msafara wake hapo, akaendelea na watu kama 50 kuelekea Busoga, kupitia nchi iliyo kati ya Mumias na Mto Naili, ambamo leo mna Busia. Huko Busoga alikamatwa, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Wapagazi wake karibu wote waliuawa pamoja naye. Jina la askofu linajulikana duniani kote, lakini wale wapagazi wa pwani, wasemaji wa Kiswahili kama sisi, hawatajwi.

Aliyebaki Mumias na msafara ni shemasi William Jones. Tungependa vijana wetu wamjue mtu huyu. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na meli za Waingereza, akasomeshwa India, kisha akarudi Afrika kufanya kazi ya Kanisa huko Rabai na Frere Town, karibu na Mombasa. Hannington alimpa ushemasi mwaka uleule wa 1885. Habari za mauaji zilipomfikia, yeye ndiye aliyewaongoza waliosalia kurudi pwani, wakafika mapema mwaka 1886. Basi mmoja wa wahudumu wa kwanza wa Kanisa kukaa katika nchi hizi alikuwa mtu aliyeng'olewa kwao kwa nguvu, ambaye hakupata tena kijiji chake cha kuzaliwa.

Miaka ilipopita, mwana wa Hannington alifika Busoga akiwa mmisionari, naye akambatiza mmoja wa wana wa chifu Luba, ambaye baba yake aliuawa katika nchi yake. Kisasi kilikuwa na nafasi yake, lakini hakikupewa.

MPAKA ULIKUJA BAADAYE

Watoto wengi wa kambini hudhani mpaka wa Busia umekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Hadi mwaka 1902, Mumias na nchi yote hadi Naivasha ilikuwa chini ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliihamishia upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta nusu huku na nusu kule, mto ukiwa umegeuzwa kuwa ukuta.

Kanisa halikufuata haraka hivyo. Kwa Waanglikana, Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906 na Butere iliyoanzishwa mwaka 1912 ziliendelea kuwa chini ya Dayosisi ya Uganda hadi mwaka 1921, zilipowekwa chini ya Mombasa. Kwa Wakatoliki, Mapadri wa Mill Hill walifungua Mumias mwaka 1904 wakiwa watu wa Vikarieti ya Naili ya Juu, iliyokuwa Uganda, na upande wa Kenya ulitengwa mwaka 1925 tu. Kwa miaka ishirini hivi serikali zilikuwa mbili na Kanisa lilikuwa moja. Tororo yenyewe ilifanywa jimbo Katoliki mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 1999. Dayosisi ya Kianglikana ya Bukedi, yenye makao Tororo, ilianzishwa mwaka 1972.

WASOMAJI, NA AIBU YA MWANZO

Katika Buganda, ambako injili ilifika mwaka 1877, Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji. Jina hilo lina fundisho. Kuwa Mkristo kulimaanisha kukaa chini na kujifunza, na baadhi ya maandiko ya kwanza waliyosoma yalikuwa ya Kiswahili. Kwa Wakatoliki, Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza mafundisho ya miaka minne kabla ya ubatizo. Haraka haikutakiwa.

Lakini hatutaki kuandika historia ya kupendeza tu. Mwaka 1892 Wakristo wa Buganda walipigana vita wao kwa wao pale Mengo, Waprotestanti wakiitwa Waingereza na Wakatoliki wakiitwa Wafaransa. Walikuwa na mashahidi wa imani waliochomwa moto pamoja Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na miaka sita baadaye wakauana kwa sababu ya vyeo na mashamba. Ni kwa sababu ya ugomvi huo Roma iliigawa nchi mwaka 1894 na kuwapa Mill Hill, walio wasemaji wa Kiingereza, upande wa mashariki, ili watu waone kwamba Mkatoliki si lazima awe Mfaransa.

Vilevile, katika Bukedi walimu Waganda walifika wakati mmoja na majeshi ya Semei Kakungulu, yaliyoiteka nchi hiyo kuanzia mwaka 1899. Mwenyeji aliona kitabu na bunduki vikija kwa njia moja. Wako walimu waliovumilia njaa na ugeni kwa upendo, na wako waliotawala. Wazee wa pande hizo hawakusahau tofauti.

UAMSHO NA DESTURI YA KUUNGAMA

Kuanzia miaka ya 1930, uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda na Namirembe nchini Uganda ulienea hadi Kenya, Tanganyika na Kongo. Uganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Walikuwa na desturi ambazo kila mzee wa mpakani anazijua: kukutana mara kwa mara katika ushirika, kutaja dhambi wazi mbele ya ndugu, kurudisha kilichoibwa, kulipa deni lililofichwa, na kusalimiana kama ndugu bila kuuliza kabila. Katika ushirika ule mchungaji alikaa sawa na mpishi wake, naye alikemewa sawa naye.

Uamsho nao ulikuwa na upungufu wake. Wengine walijiona wasafi kuliko wenzao, na ugomvi ukazuka. Kule Nyanza, kundi lililoitwa Johera, watu wa upendo, liliachana na Waanglikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini desturi ya kuungama na kurudisha iliwapa watu wadogo ujasiri wa kusema kweli kwa wakubwa.

Wakatoliki wana njia yao: kitubio, ekaristi, na hija ya Namugongo, ambayo mahujaji wa Kenya huiendea kwa miguu wakipitia Busia na Malaba kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliazimia jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, majirani wakikutana nyumbani kusoma Neno na kusaidiana.

Watu wa uamsho walisisitiza siku ya kuokoka. Wakatoliki walisisitiza njia ndefu ya malezi. Sisi tulioishi na wote wawili tunaona kwamba mbegu huwa na siku yake ya kupandwa, lakini hakuna anayevuna siku hiyohiyo.

MWAKA 1977: WAGANDA WANAVUKA

Janani Luwum aliokoka mwaka 1948 katika uamsho huo, akawa Askofu Mkuu wa Uganda mwaka 1974. Usiku wa kuamkia 5 Februari 1977 askari wa Idi Amin walipekua nyumba yake wakidai kutafuta silaha. Nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Bukedi, huko Tororo, nayo ilipekuliwa. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kumlalamikia waziwazi. Tarehe 16 Februari 1977 Luwum aliuawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, huyu wa pili akiwa mwenyeji wa Tororo.

Askofu Okoth akakimbilia Kenya. Askofu akawa mkimbizi. Waganda wengi walikwisha kuvuka na wengine wakafuata, miongoni mwao walimu waliofundisha katika shule za Kenya. Askofu Festo Kivengere, aliyekimbilia Rwanda, aliandika mwaka huohuo kitabu ambacho jina lake linasema kwamba anampenda Idi Amin. Hakusema kwamba uovu si uovu. Alikataa tu chuki iwe mchungaji wake. Amin aliangushwa mwaka 1979. Okoth alirudi, na mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu.

MWAKA 2008: WAKENYA WANAVUKA

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zamu ikawa yetu. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Waliokuwa nje na waliokuwa ndani, wengi wao walibatizwa. Maelfu wakavuka Busia na Malaba. Watu wa Tororo, ambao baadhi yao walilelewa Kenya katika miaka ya Amin, walitupokea. Hatukuwa na cha kuwalipa.

Mwezi Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa, hivyo wakakosa sauti ya kuzuia maovu. Wengine walisema ungamo hilo lilichelewa, na kweli lilichelewa. Lakini lilikuwa njia ileile ya uamsho: kutaja kosa kwa jina lake.

FUNDISHO KWETU

Mafundisho ya Kanisa, tangu mitume, yanasema kwamba Wakristo wa kwanza walitawanywa na mateso, na kutawanyika huko ndiko kulikopeleka Neno Antiokia. Kwa hiyo hali yetu si pengo katika historia ya Kanisa. Ni sehemu yake.

Hapa kambini waliokuwa pande mbili mwaka 2008 huteka maji katika kisima kimoja, pamoja na ndugu wa Sudan Kusini ambao nao wana majeraha yao. Tunaweza kuwa na kanisa la kila kabila, kila moja likiomba Mungu awashinde jirani. Njia hiyo tumeiona Mengo na tumeiona Kiambaa. Au tunaweza kushika desturi tulizorithi: kukutana kwa majirani na si kwa makabila, kutaja kosa na kurudisha cha mtu, kumfundisha mtoto kwa subira, na kumpokea anayefika leo kama tulivyopokelewa Mulanda.

Kwa wahudumu wa mashirika tunasema hivi: mnapoona kundi la watu wakisali pamoja jioni, msidhani wanapoteza wakati. Mara nyingi hapo ndipo ugomvi wa shamba au wa maji unapomalizwa kabla haujafika kwenye ofisi zenu.

Tunawashukuru watu wa Busia na Tororo. Nanyi wakazi wenzetu, tunawaomba wazee wawaeleze watoto habari hizi, kila mmoja kwa lugha yake, wakati angali yupo.