Mkataba wa ubia: istilahi yenye kalamu ndani yake

Mtaani Kambi Muru, Kibera, watu wawili wakifungua kazi pamoja huitana "patna". Wakitaka kuweka jambo kwenye karatasi husema, "Tuandikiane agrimenti." Maneno hayo yanaeleweka. Hata hivyo Kiswahili kina istilahi yake, mkataba wa ubia, na ukiifungua utaona inamwelekeza mfanyabiashara la kufanya.

Ubia umetokana na bia, neno la zamani la kuchangiana. Watu wa pwani walisema "kula bia", yaani kila mmoja alete chake, kipikwe pamoja, wote wale. Kwa hiyo mbia ni mtu aliyeleta kitu na anayestahili fungu. Ubia si ushirikiano, ambao waweza kuwepo bila mali yoyote, wala si ushirika wenye wanachama wengi na masharti yake. Si kampuni pia. Kampuni ni nafsi ya kisheria iliyojitenga na wenyewe, ilhali katika ubia wa kawaida deni la biashara laweza kumfuata mbia hadi kwenye mali yake ya nyumbani.

Mkataba nao umetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kuandika, uliotupa kitabu, maktaba na katibu. Mapatano yaweza kuishia mdomoni, lakini mkataba kwa asili yake unadai wino. Sheria hutambua hata mkataba wa mdomo; taabu huja siku ya kuuthibitisha. Ndiyo maana nachagua "mkataba wa ubia" badala ya "makubaliano ya ubia".

Tuseme wawili wanafungua kinyozi. Mmoja analeta mashine mbili na kioo, mwenzake analipa kodi ya miezi mitatu na kuvuta stima. Mwaka wa pili, mwenye mashine ananyoa toka asubuhi hadi usiku. Mwenzake huja Jumamosi jioni kuchukua nusu. Je, ni haki? Kanuni ya sheria ya Uingereza ya 1890, iliyorithiwa Kenya wakati wa ukoloni, ilisema kwamba wabia wasipopatana vingine, faida na hasara hugawanywa sawa, na mbia hapati mshahara kwa kuifanyia kazi biashara yao. Kwa kanuni hiyo, jasho la mnyoaji halina fungu la ziada, kwa kuwa hawakuliandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Karatasi moja ya fuluskepu yatosha kuanzia. Andikeni majina na nambari za vitambulisho. Nani kaleta nini na thamani yake. Faida na hasara zitagawanywaje. Anayeshinda kazini atalipwa nini. Nani ana ruhusa ya kukopa kwa jina la biashara. Na mmoja akitoka au akifa, mashine na jina vitabaki kwa nani. Tieni sahihi mbele ya mashahidi, kila mbia abaki na nakala yake. Mtaji ukiwa mkubwa, mwoneni wakili.

Wengi husita wakisema kuandikiana ni kutoaminiana. Mbona katika chama kila mchango huingizwa daftarini mbele ya wote, na hakuna anayeudhika? Waislamu nao wanaijua aya ya 282 ya sura ya al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Kurani: inawaamuru waumini waandike deni la muda maalumu, pawe na mwandishi na mashahidi.

Kibera yenyewe ina ushahidi wa gharama ya kukaa bila karatasi. Askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la Waingereza walikaribishwa kukaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hati ya ardhi ya ekari 288 ikaifikia jamii yao 2017 tu. Waliokaribishwa walikuwa wamekwisha kufa, na wajukuu ndio walioipokea karatasi. Wabia wa kinyozi wanaweza kuipata yao leo jioni, kabla ya kufungua mlango.