Watu wa Gairo ni Kina Nani?

Ukipanda basi kutoka Morogoro kwenda Dodoma, karibu na nusu ya safari utafika Gairo, mji mdogo wa barabarani wenye baridi na upepo, milima ya Ukaguru ikiwa upande mmoja na nchi kavu ya Ugogo ikiwa mbele yako. Ukimwuliza abiria mwenzako, "Hapa wanakaa watu gani?", atakujibu bila ya kufikiri: "Wakaguru." Wala hakusema uongo, kwani nchi ile ni ya Wakaguru na lugha yao ndiyo iliyotangulia pale. Lakini shuka, ukae siku tatu, uswali msikitini na ununue sokoni. Masikio yako yatasikia Kigogo, Kinguu na Kimasai, na Kiswahili juu ya vyote hivyo. Utaanza kuona kuwa jibu la abiria lilikuwa fupi mno.

Watu wa zama hizi hupenda tarakimu, basi na tuanze nazo. Mwaka 2012, ambao ndio mwaka Gairo ilipotengwa na Kilosa ikawa wilaya, sensa ilihesabu watu 193,011 katika wilaya nzima. Wangapi kati yao ni Wakaguru? Wangapi Wagogo? Sensa haisemi. Mara ya mwisho serikali yetu kuwauliza watu makabila yao ilikuwa mwaka 1967, na mwaka huo dini nayo iliulizwa. Kuanzia sensa ya 1978 maswali yote mawili yaliachwa. Wako ndugu zetu Waislamu waliotaka mwaka 2012 swali la dini lirudishwe, na baadhi yao wakasusia kuhesabiwa. Sina nia ya kuufufua mjadala ule. Nasema tu kwamba anayetaka watu wagawanywe mafungu mafungu ndipo wahesabiwe, na atazame kwanza mafungu hayo yalitumiwa vipi zamani, na Gairo itamfaa kwa somo hilo.

Waingereza walihesabu kwa mafungu hasa. Mwaka 1957 walifanya sensa mbili mbali mbali: mwezi wa Februari waliwahesabu wasiokuwa Waafrika, yaani Wazungu, Wahindi, Waarabu na wengineo, Waafrika wakangojeshwa mpaka mwezi wa Agosti. Mwenye duka na mnunuzi wake, waliokuwa wakionana kila asubuhi, waliandikwa katika madaftari mawili, kama kwamba walikaa katika nchi mbili.

Na majina yenyewe ya makabila yana hadithi yao. Wasafiri wa karne ya 19 waliopanda na misafara kutoka Bagamoyo na Saadani waliiita milima yote ya upande ule Usagara, na kila aliyekaa humo wakamwita Msagara, awe Mkaguru au mwingine. Wenyeji wao walijitambua zaidi kwa koo, na ukoo wao hufuata upande wa mama. Mwaka 1884 akaja Karl Peters. Huko Msowero, katika Kilosa ya leo, alimwekea Mangungo karatasi ambayo kila mtoto wa shule wa Tanzania ameisikia habari yake. Lisilosemwa sana ni kuwa ndani ya karatasi ile iliandikwa kwamba Mangungo hakuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote. Kwa nini iandikwe hivyo? Kwa sababu Mjerumani alihitaji watu wale wawe "wengine", wasiohusiana na pwani, ili apate kuwachukua. Februari 1885 Kaisari akatoa hati yake ya ulinzi, na Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami zikawa nchi zenye mpaka katika makaratasi ya Berlin, nazo mlimani zilikuwa majina ya majirani waliooana na kutaniana.

Ukweli ni kuwa pwani na milima ile zilikuwa zimekwisha kuchanganyika. Mamboya palikuwa kituo cha misafara, na hata wamisionari wa Kiingereza walioingia Mpwapwa mwaka 1876 walijenga nyumba Mamboya miaka michache baadaye, kwa kuwa ndiko watu walikokuwa wakipita. Wanyamwezi walipita wakiwa wapagazi, waungwana wa pwani wakiwa wanyapara na wachuuzi. Kila msafara ulihitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Na kila palipo hayo pana mtu anayebaki nyuma kwa ugonjwa, kwa mke au kwa biashara.

Hapa, msomaji wangu wa pwani, usinikasirikie. Misafara ile ilipandisha nguo, shanga na baruti, na iliteremsha pembe pamoja na binadamu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa ukafutwa Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Si zamani sana, ni umri wa bibi wa bibi zetu. Katika nyumba nyingi za mwambao palikuwa na mwanamke aliyeletwa kutoka bara, akapewa jina jipya, na ukoo wake ukasahauliwa. Watoto aliomzalia bwana wake walikuwa huru na walifuata nasaba ya baba, kama sharia inavyosema, na wajukuu wakakua wakijiita Waarabu au Washirazi. Hakuna neno. Lakini Mkaguru hahesabu hivyo. Kwake mtoto ni wa ukoo wa mamake. Basi ikiwa bibi yule alitoka Ukaguru, binti zake, na watoto wa binti zake, na watoto wa binti za binti zake mpaka hii leo, kwa hesabu ya wajomba zao waliobaki milimani, ni watu wa ukoo wao kamili. Wewe unayesema "watu wa bara wale" huenda una wajomba usiowajua juu ya milima ile. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat, ambayo wengi wetu tumeihifadhi tangu chuoni, imetaja sababu ya mataifa na makabila kuwa ni kujuana. Na kujuana huko kwaanza na mtu kumjua bibi yake.

Mwaka 1926 gavana Donald Cameron alitia katika sheria ule utawala wake wa kupitia wenyeji. Fikra yake ilikuwa nyepesi: kila Mwafrika ana kabila, kila kabila lina nchi yake, na kila nchi ina mkubwa wake. Ukaguru ikapewa machifu wa Kikaguru na mabaraza yao. Sasa vipi Wakwavi, ambao wengine huwaita Wabaraguyu, wafugaji wenye kusema Kimasai, waliokuwa wakichunga katika nyanda zile zile? Hao nao waliwekwa chini ya machifu wa Kikaguru, wakawa kama wageni mahali walipozaliwa. Kesi zao zikaamuliwa na wakulima, na ng'ombe wakawa daima ni mashtaka. Machifu waliondolewa mwaka 1963, lakini kidonda kilibaki. Ijumaa ya tarehe 8 Desemba 2000, katikati ya Ramadhani, wafugaji waliingia kijiji cha Rudewa Mbuyuni katika Kilosa, wilaya ambayo Gairo ilikuwa bado ndani yake, na wakulima 38 wakauawa. Zilikuwapo sababu za maji, malisho na rushwa, sikatai. Ila mtu hawezi kumwinulia jirani yake mkuki kwa wepesi namna ile mpaka awe amekwisha kufundishwa kwamba jirani si wa hapa.

Turudi kwenye hesabu, kwa mfano mmoja. Mwarabu amefungua duka katika mji wa namna hii wakati wa Mwingereza, akaoa mwanamke wa Kikaguru kwa nikaha, akapata mtoto wa kiume. Mtoto huyu ni nani? Sharia yasema ni wa baba. Wajomba wasema ni wetu, ukoo wake ni wa mama, na mahari ya dada zake tuna sauti ndani yake. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na sheria moja kwa "wenyeji" na nyingine kwa "wasio wenyeji", kuanzia kodi mpaka mahakama, na karani alimtazama nywele na kanzu, au aliuliza anakaa wapi na anakula nini. Mtoto mmoja, hesabu tatu, na kila hesabu ina shamba, kodi na hakimu wake.

Usidhani mambo hayo yalikwenda na Mwingereza. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 ziliandikwa kwa makabila yanayofuata upande wa baba. Wakaguru, Waluguru na wenzao wa upande wa mama hawakuingizwa. Anapofariki Muislamu wa Kikaguru na wakagombana, watoto wake upande huu na watoto wa dada yake upande ule, mahakama hutazama maisha yake: aliswali? alifunga ndoa kwa nani? aliishi kwa kufuata dini yake au mila ya kwao? Kutokana na majibu hayo ndipo huamuliwa mirathi igawanywe kwa sharia au kwa mila. Hakimu hapati msaada wowote katika sensa, wala hawezi kupima damu akaona mpaka. Huwaita majirani. Na katika mji kama Gairo majirani hao huenda mmoja akawa Mgogo, wa pili Mnguu, na wa tatu mjukuu wa mpagazi wa Kinyamwezi, nao ndio wanaosimama kueleza marehemu alikuwa mtu gani.