Fatima Jibrell

Fatima Jibrell (alizaliwa 1947) ni mwanaharakati wa mazingira kutoka Somalia, aliyeendesha elimu ya hifadhi ya maliasili miongoni mwa wafugaji. Alizaliwa katika jamii ya wafugaji wa kuhamahama mkoani Sanaag, kaskazini mwa nchi, na baadaye alisoma Marekani.

Mwaka 1991, serikali kuu ilipoanguka, alishiriki kuanzisha shirika la Horn Relief, ambalo sasa huitwa Adeso. Shirika hilo liliwafundisha vijana na wanawake kutunza malisho, kujenga vizuizi vya mawe ili kupunguza mmomonyoko wa udongo, na kupikia majiko ya jua badala ya mkaa. Vijana waliofunzwa walieneza elimu kuhusu madhara ya kukata migunga kwa ajili ya mkaa unaouzwa nchi za Ghuba. Kampeni hiyo ilichangia jimbo la Puntland, kaskazini mashariki mwa Somalia, kupiga marufuku usafirishaji wa mkaa nje mwaka 2000.

Mwaka 2008 alishiriki kutengeneza filamu fupi *Charcoal Traffic*, inayoeleza athari za biashara hiyo. Kusini mwa Somalia, ambako bandari ya Kismayo ilikuwa lango kuu la mkaa, marufuku ya kimataifa ilifuata Februari 2012 kwa azimio namba 2036 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Jibrell alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2002, na mwaka 2014 alitunukiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa.