Waridi Alilolikataa Bibi

Marehemu bibi yangu aliishi Tandika, Temeke, na alikuwa na mrashi wa fedha aliourithi kwa mama yake. Kila palipokuwa na maulidi au harusi mtaani, aliitwa kuwanyunyizia wageni marashi ya mawaridi.

Siku moja nilimletea waridi jekundu nililolinunua kwa wauza miche wa kando ya barabara, Kinondoni. Akalinusa, akanirudishia.

“Mjukuu wangu, hili si waridi. Halina harufu.”

Nikacheka. “Bibi, wewe waridi umeliona wapi?”

Akanyamaza.

Ni kweli, hakuwahi kuliona. Watu wengi wa pwani yetu walilijua neno na harufu bila kulijua ua lenyewe. Waridi ni neno la Kiarabu. Marashi na mrashi nayo yanatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kunyunyiza. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, Sultani aliagiza akirimiwe kwa tambuu na maji ya mawaridi ya Dameski. Hayo yalikuwa zaidi ya miaka mia tano kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam, katika miaka ya 1860.

Waridi la Dameski, chotara wa mawaridi ya porini, lina miiba iliyosongamana na harufu kali, na wala si jekundu. Lugha yetu yenyewe ni shahidi: tusemapo rangi ya waridi, hatumaanishi nyekundu, bali ile iliyo kati yake na nyeupe. Mpaka leo, katika milima ya Jabal al-Akhdar huko Oman, wanavijiji huyachuma maua ya namna hiyo alfajiri, mwezi wa Aprili. Huyapika chunguni, na mvuke ukipoa hudondoka kuwa marashi. Mawaridi mengi ya kisasa yalizalishwa kwa kutafuta rangi na kudumu baada ya kukatwa. Harufu ikapotea njiani.

Haya yote niliyasoma bibi alipokwisha kufariki. Mimi nilidhani kulijua ua ni kuliona. Yeye alilijua kwa pua, kama alivyofundishwa na mama yake, na hakukosea.

Mrashi sasa ninao mimi. Siku ya hitima yake niliujaza, nikawanyunyizia wageni mmoja mmoja, na moyoni nikamwomba bibi radhi kwa kile kicheko.